Gundi ya lebo za mgongoni kwenye vitabu vya maktaba: maswali ninayoulizwa kila mara

Nasimamia maktaba ya sekondari huku pwani, bahari tunaisikia tukifungua madirisha, na walimu wenzangu wa maktaba wananiuliza maswali yaleyale kuhusu gundi ya lebo mpaka nimeona niyaandike yote sehemu moja. Nimeandika kwa ajili ya mtu asiye na bajeti kubwa, ana duka la stationari mtaani, ana wanafunzi wawili watatu wa kumsaidia na ana mlango wa maktaba unaofunguliwa saa mbili asubuhi.

Hivi gundi nayo ni ya kusumbukia? Si unabandika tu basi?

Nilikuwa nawaza hivohivo. Halafu ukaja mwezi wa nne, masika imekolea, nimefungua maktaba Jumatatu nakuta lebo ziko chini kama majani ya mwarobaini, rafu ya namba 500 (sayansi) na ile ya 800 (fasihi) ndo zimeumia zaidi. Lebo ya 896.392, ambayo ni fasihi ya Kiswahili, imelala sakafuni na kitabu chake sikijui ni kipi kati ya vitabu mia. Kitabu kisicho na namba mgongoni kinarudishwa popote, na kikirudishwa popote kimepotea hata kama kiko humohumo ndani. Mtoto anauliza, unamwambia hatuna, kumbe kipo.

Upande wa pili nao upo. Kuna vitabu tulipewa na shule nyingine, lebo zake zilibandikwa kwa supaglu. Nikataka kubadilisha namba moja tu, lebo ikatoka na ngozi ya jalada, kile kitambaa cha bluu kikachanika mpaka kadibodi ya ndani ikaonekana. Kitabu kizima, kizuri, kimeharibiwa na karatasi ya sentimita nne.

Kwa hiyo kitu kimoja naomba ukishike kabla hujasoma mengine: gundi iwe na nguvu ya kushika lebo, ila isiwe na nguvu kuliko kitabu. Siku ya kubandua, kinachotakiwa kuchanika ni lebo. Lebo utaandika nyingine.

Nipe jibu fupi, ninunue nini?

Kwa majalada magumu ya kitambaa au ya karatasi isiyong'aa: gundi nyeupe ya PVA isiyo na tindikali, ipakwe nyembamba. Kwa vitabu vyenye majalada yanayong'aa, vile vilivyopigwa laminesheni kiwandani: stika zenye gundi ya akriliki, na juu yake kipande cha plastiki angavu cha kuzilinda. Kwa vitabu vya zamani sana, vya ngozi, au miswada: usipake chochote, endelea kusoma chini nimeeleza.

PVA ndo nini hasa? Ni ile gundi nyeupe ya fundi seremala?

Ni familia moja lakini sio kitu kilekile. PVA ni polivinili asetati, iligunduliwa Ujerumani mwaka 1912 na mkemia Fritz Klatte, na leo karibu kila gundi nyeupe ya maji unayoiona dukani imetoka humo. Ya shule ni laini, ikikauka inapinda. Ya mbao imetengenezwa iwe ngumu, na zile zilizoandikwa kwamba hazipitishi maji zikishakauka hazirudi nyuma tena, ukitaka kutoa lebo utatoa na jalada. Mgongo wa kitabu unapinda kila kinapofunguliwa, sasa gundi ngumu juu ya kitu kinachopinda unategemea nini, inapasuka na lebo inaruka.

Kopo likiwa halina maelezo ya maana, na mengi hayana, fanya majaribio mwenyewe. Paka gundi kidogo juu ya kipande cha nailoni, iache siku mbili, ibandue. Ikunje katikati. Ikivunjika kama ganda la yai, hiyo ni ya mbao, achana nayo. Ikikunjika na kurudi, weka tone la maji juu yake usubiri robo saa: ikigeuka nyeupe na kulainika maana yake siku moja utaweza kuitoa kwa unyevu, na hiyo ndo tunayoitaka.

Jaribio la tatu ni la tindikali. Tindikali inakula karatasi polepole, karatasi inakuwa ya njano na kukatika ukiigusa. Nenda maabara ya kemia, omba zile karatasi za kupimia pH zenye rangi nyingi (litmasi ya kawaida haitoshi, inakwambia tu tindikali au sio, na tindikali hafifu inaweza isionyeshe). Chovya kwenye gundi mbichi iliyochanganywa na maji kidogo. Karibu na 7 ni salama. Ikishuka chini ya 6 mi siiweki kwenye kitabu ninachotaka kidumu. Ukifungua kopo likanuka siki kali, hata bila karatasi ushajua. Mwalimu wa kemia wa shuleni kwetu sasa anawapa wanafunzi kipimo hiki kama zoezi, na wanalipenda kwa sababu jibu lake linaenda kutumika kweli.

Nipake vipi? Zangu zinajikunja kwenye kona.

Kona zinajikunja kwa sababu mbili: gundi nyingi, au gundi haikufika kwenye kona. Mara nyingi zote mbili kwa pamoja, katikati kuna bwawa na pembeni kumekauka.

Mi nafanya hivi. Kwanza mgongo wa kitabu unafutwa kwa kitambaa kikavu, vumbi ndo adui wa kwanza, gundi inashika vumbi na vumbi halijashika kitabu. Halafu natandika karatasi za gazeti kwenye meza, lebo naigeuza kifudifudi juu ya gazeti safi, brashi ya rangi ndogo yenye upana kama wa kidole, naanza katikati naelekea nje kupita ukingo mpaka brashi inachafua gazeti. Hapo ndo unajua kona imepata. Kila lebo sehemu mpya ya gazeti, usirudie palipolowa, utapata gundi upande wa maandishi na itabidi uandike upya.

Gundi iwe nyembamba kiasi kwamba bado unaona karatasi chini yake. Subiri sekunde kumi hivi, karatasi inavuta maji na kutanuka, ukiiweka haraka itatanuka ikiwa juu ya kitabu na utapata mikunjo. Kisha iweke mgongoni, funika na karatasi safi, na usugue kwa mgongo wa kijiko kutoka katikati kwenda pembeni. Usisugue moja kwa moja juu ya lebo, utaichubua.

Kwa mgongo wa mviringo, funga na bendeji ya hospitali au kitambaa kirefu, raundi mbili, weka kipande cha nailoni kati ya lebo na bendeji ili visigandane. Acha mpaka kesho. Najua kesho ni mbali ukiwa na vitabu 300 sakafuni, lakini kitabu kilichorudishwa rafuni kikiwa kibichi kinagandana na jirani yake, na hilo nimeliona kwa macho.

Kuhusu kimo, kata kipande cha kadibodi chenye urefu wa sentimita 3, kisimamishe pembeni ya kitabu na lebo ianzie juu ya kadibodi. Rafu nzima inakuwa na mstari mmoja, jicho linatembea bila kuruka. Wape wanafunzi hicho kipande, usiwaambie wakadirie.

Uji wa ngano je? Bibi yetu alikuwa anabandika kila kitu kwa uji.

Na alikuwa sahihi. Gundi ya wanga ndo gundi kongwe ya vitabu, mafundi wa kutengeneza vitabu vya thamani bado wanaitumia leo, kwa sababu inatoka kwa maji matupu hata baada ya miaka mingi. Sehemu moja ya wanga kwa nne au tano za maji baridi, koroga mpaka mabuja yaishe, weka kwenye moto mdogo ukiendelea kukoroga, itaanza kama maziwa halafu itakuwa nzito na ya kung'aa kidogo, pika dakika kadhaa zaidi, ipoe, ipitishe kwenye chujio. Wanga wa muhogo nao unafanya kazi vizuri, ila uwe wanga wenyewe, ule unaotuama chini ukikamua muhogo, unga mzima wa muhogo una nyuzi zinazoleta vinundu.

Shida ni kwamba ni chakula. Mende wanaipenda, na vile vidudu vya rangi ya fedha vinavyokimbia ukifungua kitabu cha zamani wanaipenda zaidi, na ukungu nao huku pwani unataka kidogo tu. Wazee wengine walikuwa wanatia dawa ya sumu kwenye uji, hasa mrututu, tafadhali usifanye, hivi vitabu vinashikwa na watoto na watoto wanalamba vidole kufungua kurasa. Pika kidogo, weka sehemu ya baridi, maliza ndani ya siku mbili tatu, ikianza kunuka mwaga.

Kitu ninachokipenda mwenyewe ni mchanganyiko: PVA sehemu mbili, uji sehemu moja. Inachelewa kukauka kidogo kwa hiyo unapata muda wa kunyoosha lebo iliyokaa upande, na baadaye inatoka kirahisi kuliko PVA tupu.

Stika zenye gundi yake tayari si ndo rahisi?

Ni rahisi, na kwa majalada yanayong'aa hazina mpinzani, maana gundi ya maji juu ya plastiki inakaa tu kama matone juu ya jani la mgomba, ikikauka inabanduka nzima. Ila stika ziko za aina mbili na dukani zinafanana kabisa.

Za gundi ya mpira zinashika kwa nguvu siku ileile, unafurahi. Halafu hewa na joto vinaifanyia kazi: inakuwa ya njano, inalainika na kuvuja pembeni, vitabu viwili vinagandana, na mwisho inakauka kabisa na lebo inadondoka ikiacha alama ya kahawia isiyotoka. Za akriliki zinaanza pole, zinachukua siku mbili tatu kufikia nguvu yake, lakini zinadumu miaka na hazibadiliki rangi ovyo.

Kama paketi haijaandika, chukua stika moja ya kila aina, bandika kwenye kioo cha dirisha linalopigwa na jua la mchana, subiri wiki mbili au zaidi, ziangalie kwa upande wa pili wa kioo. Ya mpira utaiona inaanza kugeuka njano na ukingo unanata. Mi nilinunua paketi kubwa mara moja kwa sababu muuzaji alinihakikishia ni za maktaba, sikujaribu, nikabandika rafu tatu nzima. Nilikuja kuzibandua moja moja likizo ya Desemba na wanafunzi wanne. Sasa hivi dirisha la ofisini lina stika saba, kila moja na tarehe yake.

Na usiibandike halafu ukaitoa tena kuinyoosha. Kila ukiitoa inabeba vumbi na inashika nusu. Kama mkono wako hautulii, anza na vitabu usivyovijali sana.

Nikiweka seloteipu juu ya lebo si itazuia isitoke?

Hili ndo swali linaloniuma, kwa sababu kila maktaba ninayoingia nakuta seloteipu. Teipu ya kwanza ya aina hii ilitengenezwa Marekani na Richard Drew wa kampuni ya 3M mwaka 1930, ikafungia paketi na kutengenezea vitu vilivyochanika nyumbani, na kwa kazi hiyo ni nzuri mpaka leo. Kitabu kinatakiwa kukaa rafuni miaka 20. Seloteipu ya bei rahisi inageuka njano, plastiki inajikunja na kuondoka yenyewe, gundi inabaki imeingia kwenye karatasi, na ukishaona karatasi imekuwa kama imelowa mafuta ujue hapo hakuna kurudi.

Kinachotakiwa ni vile vipande vya plastiki angavu vya kulindia lebo, vyenye gundi ya akriliki. Kiwe kikubwa kuliko lebo kwa nusu sentimita kila upande, ili kishike jalada na sio lebo peke yake. Ukikosa, ile plastiki ya kujibandika ya kufunikia vitabu unaweza kuikata, ila ipitishe kwenye jaribio la dirisha kwanza.

Na kama huwezi kupata chochote cha maana, lebo iliyobandikwa vizuri kwa PVA bila kitu juu ni bora kuliko lebo yenye seloteipu. Itachafuka, utabadilisha.

Supaglu tone moja tu kwenye kona?

Hapana. Ikikauka inakuwa kama kioo, mgongo ukipinda inapasuka. Inaacha utando mweupe juu ya jalada. Na kuna jambo la hatari ambalo wengi hawalijui: supaglu ikikutana na pamba inapata joto haraka, inaweza kuunguza ngozi na hata kutoa moshi, na majalada mengi ya zamani ni kitambaa cha pamba. Usiwape wanafunzi kabisa.

UHU, gundi ya fundi viatu, ile ya bunduki ya umeme, glustiki?

Za tyubu zenye harufu kali zina kiyeyusho, zinaweza kuyeyusha wino wa jalada na rangi ya kitambaa. Ya fundi viatu inageuka kahawia na mvuke wake sio wa kuvuta kwenye chumba chenye watoto. Ya bunduki inaacha donge nene, lebo inakaa kama kifungo, na kitabu kikisahauliwa kwenye gari juani donge linalainika na lebo inateleza. Glustiki haina madhara, ila nguvu yake ni ya kubandika picha kwenye daftari, mwisho wa muhula imeachia.

Vitabu vyetu vyote tumevifunika kwa plastiki. Lebo zinateleza zenyewe baada ya miezi michache, kwa nini?

Ile plastiki laini inayonuka ikiwa mpya ni PVC, na ulaini wake unatokana na mafuta yaliyochanganywa ndani. Hayo mafuta hayatulii, yanatoka polepole kuja juu, yanaingia kwenye gundi ya stika na kuigeuza kuwa ute. Hakuna gundi ya kawaida itakayokuokoa hapo.

Suluhisho ni kubadilisha mpangilio: bandika lebo kwenye kitabu kwanza, iache ikauke usiku mzima, halafu ndo ufunike kwa plastiki. Lebo inasomeka kupitia plastiki, haiguswi na jasho, haikwanguliwi. Kama una uchaguzi chukua plastiki ngumu kidogo inayotoa sauti ya kukwaruza ukiikunja na isiyonuka. Na kama kitabu tayari kimefunikwa, kata kidirisha kwenye plastiki upande wa mgongo kwa wembe, kwa uangalifu mkubwa, ubandike lebo ndani ya hicho kidirisha.

Kitabu chembamba kama daftari, lebo haitoshi mgongoni.

Usiizungushe. Lebo iliyokunjwa kwenye ukingo mkali inajitahidi kunyooka kila siku na itashinda. Ibandike jalada la mbele, kona ya chini karibu na mgongo, kimo kilekile cha kadibodi. Ukikivuta kidogo tu kwenye rafu unaisoma.

Nimebandika vizuri lakini namba imechuruzika.

Hapo kosa sio la gundi, ni wino. Printa za wino wa maji zinachuruzika zikikutana na PVA mbichi, au hata vidole vya jasho. Printa ya leza haina shida hiyo, ukiweza nenda hata stationari ya mjini uchapishe karatasi nzima ya lebo kwa leza. Kama ni kwa mkono, penseli nyeusi laini ni bora kuliko watu wanavyodhani, haififii na haichuruziki. Kalamu ya kawaida ya bluu inafifia juani, na chini ya plastiki inatawanyika.

Hali ya hewa inabadilisha kitu?

Inabadilisha sana. Huku pwani wakati wa masika mi sibandiki kabisa, karatasi ina unyevu, jalada lina unyevu, gundi ya maji inachukua siku mbili na ukungu unaanza kabla haijakauka. Kazi ya lebo naifanya kipindi cha kiangazi, madirisha wazi, kuanzia saa nne asubuhi umande ukishaondoka.

Rafiki yangu yuko Dodoma ana shida ya kinyume, hewa ni kavu, gundi inakauka kwenye brashi kabla haijafika kwenye lebo. Yeye anaongeza uji kwenye PVA na anafunika kopo kwa kitambaa kibichi. Na kama uko Njombe au Makete mwezi wa sita na wa saba, kumbuka baridi nayo: PVA ikikaukia kwenye baridi kali inakuwa kama chaki, unga mweupe usioshika, na stika zikibandikwa asubuhi na mapema hazinati. Subiri jua lipashe chumba.

Natoaje lebo ya zamani bila kuchana jalada?

Kwanza ujue ilibandikwa kwa nini. Ikiwa ni gundi ya maji, paka uji mzito juu ya lebo, funika kwa nailoni, subiri dakika 15 hadi 20. Uji unatoa maji kidogo kidogo, lebo inalainika ila jalada halilowi. Halafu kisu kisicho na makali, kama kile cha kupakia siagi, kilale kabisa karibu na jalada, unasukuma taratibu. Ikigoma rudisha uji, usivute.

Ikiwa ni stika, tumia draya ya nywele, joto la kati, umbali wa kama shubiri moja, sekunde chache, halafu nyanyua kona na uivute ikiwa imejikunja juu yake yenyewe, sio kwenda juu. Unata unaobaki unatoka kwa kifutio cha penseli, unausugua unakuwa vidonge. Juu ya jalada linalong'aa unaweza kumalizia na spiriti kidogo kwenye pamba, jaribu kwanza mahali pasipoonekana kwa sababu kuna rangi zinazotoka.

Petroli na mafuta ya taa naomba msitumie. Doa halitoki, harufu haitoki, na mmejaza chumba mvuke unaowaka huku kuna karatasi kila upande. Mafuta ya kula nayo yanatoa unata kweli lakini karatasi inayanywa.

Tuna vitabu vya zamani na msahafu wa mkono, tuweke lebo wapi?

Msiweke. Huku pwani nyumba nyingi na misikiti ina vitabu vya aina hii, Kiswahili kilichoandikwa kwa hati za Kiarabu, tenzi, vitabu vya dua, vimeshonwa kwa mkono, na wakati mwingine familia inavikabidhi shule kwa moyo mwema. Ngozi ya zamani inatoka unga ukiigusa, gundi yoyote itaibeba. Kata ukanda wa karatasi nzuri, nyeupe, isiyo na tindikali, andika namba kwa penseli, uingize katikati ya kurasa ukitokeza juu kama alama ya kusomea. Bora zaidi kitabu kikae kwenye boksi lake na lebo ibandikwe kwenye boksi. Hivi vikiharibika hakuna duka la kununua vingine.

Gundi kiasi gani inatosha?

Kidogo kuliko unavyofikiri. Lebo ya sentimita 2.5 kwa 4 ina sentimita 10 za mraba, na PVA iliyopakwa nyembamba ni kama gramu 100 hadi 150 kwa mita moja ya mraba. Hesabu inakupa gramu 0.1 hadi 0.15 kwa lebo. Vitabu 1,000 ni gramu 150, ongeza inayobaki kwenye brashi na magazeti, nusu kilo inakutosha na kubaki. Kwa hiyo ukiambiwa gundi nzuri ni ghali, gawanya bei kwa idadi ya vitabu kwanza. Usinunue ndoo, ikifunguliwa inaanza kukauka na kuota ukungu juu.

Maktaba nzima imebandikwa vibaya, nianze wapi?

Usianze na rafu ya kwanza kwenda ya mwisho, utachoka ukifika rafu ya namba 300. Anza na vitabu ambavyo lebo imeshadondoka au inanata, maana hivyo vinaharibu na majirani. Halafu vile vinavyoazimwa kila wiki. Vinavyokaa tu na lebo bado imeshika vizuri, viache, hata kama gundi yake sio nzuri, kuibandua bila sababu ni kuleta jeraha lingine.

Vitabu 20 kwa siku na wanafunzi wawili inatosha kabisa, mmoja anafuta na kupaka, mwingine anabandika na kusugua, wewe unaangalia namba. Na kila kitabu, ndani ya jalada la nyuma, kona ya chini, andika kwa penseli gundi uliyotumia na mwezi, mfano "PVA+uji, 9/2024". Mwalimu atakayekuja baada yako akitaka kuitoa hiyo lebo atajua aanze na uji au aanze na draya.